Saa Yangu Haichelewi

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku mbaya. Mashine imeletwa.

Nilitegemea kitu kikubwa. Baada ya miaka thelathini na moja ya kugonga kengele ya shule, walau ningeondolewa na kitu chenye uzito! Ni kiboksi cheupe, kidogo kuliko kopo la maziwa, kimefungwa kwenye ukuta wa ofisi kwa skrubu nne. Fundi aliyekuja nacho ni binti wa juzijuzi mwenye mkoba mgongoni. Alibonyeza vitufe viwili vitatu, kikalia. Sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Walimu wakapiga makofi.

Mwalimu Mkuu ametangaza mstarini. Wiki hii kengele yangu na mashine zitalia pamoja, ili tuizoee. Kuanzia Jumatatu ijayo mashine itabaki peke yake. Mimi nitapewa kiti getini, nibaki na ile kazi yangu nyingine tu ya kuandika majina ya wanaochelewa mpaka nistaafu mwisho wa mwezi. Kiti! Kando ya mlinzi, mtu ambaye tangu anunue simu ya kupapasa hajamtazama binadamu usoni.

Kengele yangu si kiboksi. Ni ringi la gurudumu la lori, limening'inia kwenye nguzo ya chuma, nami naligonga kwa kipande cha nondo. Sijakosa hata siku moja. Siku ya kumzika kaka yangu niligonga kwanza, nikafika makaburini watu wanakung'uta udongo. Watoto hawalijui jina langu, wananiita Babu Dakika. Saa yangu ya mkononi haijawahi kurekebishwa kwa saa ya mtu mwingine. Betri ikiisha naweka mpya na kuilinganisha na saa ya ukutani nyumbani, ambayo nayo nailinganisha na hii ya mkononi. Utaratibu safi kabisa.

Saa mbili kamili nikagonga. Mashine kimya. Nikaanza kutabasamu. Ikalia dakika saba baadaye, watoto wameshakaa madarasani. Imechelewa, tena siku ya kwanza! Nilikwenda kumwarifu Mwalimu Mkuu, nimeweka uso wa huzuni. Akasema tutaona. Yeye alisoma hapa hapa zamani. Simkumbuki akiwa mtoto. Watoto ni wengi.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo nimekusanya ushahidi. Nilianza kwa fundi cherehani aliye mkabala na geti. Nikamuuliza saa yake inasemaje. Saa nne na robo. Na yangu, saa nne na robo! Nikavuka kwa kinyozi. Saa nne na dakika ishirini, sawasawa na yangu. Muuza magazeti, hivyo hivyo. Watu watatu wasio na undugu, hawajakaa kikao, wote wanakubaliana nami. Nikawauliza huwa wanarekebisha saa zao kwa kitu gani. Wakasema kwa kengele yako, Babu, kwani kuna nyingine? Nilisikia raha mpaka kwenye magoti.

Nimeandika barua ya malalamiko. Nimepata sahihi kumi na moja, moja ya dole gumba. Mlinzi amekataa kusaini. Anasema simu yake inakubaliana na mashine. Nikamwambia simu na mashine ni ukoo mmoja, zitakosaje kuteteana.

Jioni mjukuu wangu ameniuliza, taratibu, kwa nini taarifa ya habari ya redio huanza dakika saba baada ya saa yetu. Mjukuu huyu anaishi nasi, na wiki ijayo anafanya mtihani wa kumaliza shule yetu. Nikamweleza kwamba watangazaji wanachelewa kazini. Nimelijua hilo miaka mingi na nimewasamehe. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye vitabu vyake. Ana akili sana mtoto huyu. Amerithi kwangu.

Jumatano, 9 Oktoba

Barua imefika. Barua haikufua dafu.

Mwalimu Mkuu aliisoma yote, hadi dole gumba. Kisha akamwita yule fundi. Binti akaniamkia kwanza kwa adabu zote, nikakosa pa kumshika. Akaweka simu yake mezani kando ya saa yangu. Simu: saa saba na dakika ishirini na tatu. Saa yangu: saa saba na nusu. Akaeleza kwamba mashine inapokea saa kutoka mtandaoni, na simu zote zinapokea huko huko, ndiyo maana zinakubaliana. Nikamjibu kwamba ni rahisi kukubaliana kama wote mnanakili kwa mmoja. Mlinzi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bila kuitwa, alicheka mpaka akakohoa. Sikuona cha kuchekesha.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Aliigeuza saa yangu kwa kidole kimoja mpaka kioo chenye ufa kikamwelekea yeye.

"Babu, saa hii iko mbele dakika saba," alisema. "Nimelijua hilo siku nyingi."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningejua la kujibu. Nilivaa saa yangu nikatoka, nikaenda kusimama chini ya kengele na kuishika. Ilikuwa ya moto kwa jua. Nimeumia, sitaki kujidanganya. Mtu anaweza kuambiwa amezeeka akavumilia. Lakini kuambiwa saa yake mbovu!

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimepata njia! Nitajifunza mashine.

Nimemwomba mjukuu anifundishe mambo ya simu. Uso wake uling'aa. Miaka yote amenibembeleza nijifunze, nami namwambia macho yangu yamechoka. Aliacha vitabu, tukakaa kizingitini na simu ya bibi yake. Nikamwambia nataka kujua jinsi ya kubadilisha saa. Akasema kwanza unazima ile ya kujirekebisha yenyewe, halafu unaweka upendavyo. Alikishika kidole changu na kukiongoza, kama nilivyokishika chake alipokuwa anaandika herufi ya kwanza. Nilikosea mara nane. Hakunung'unika hata mara moja. Nilipofaulu alimwita bibi yake aje aone. "Babu anaweza!" alisema. "Nilijua anaweza!"

Nilijisikia vibaya kidogo. Nikanywa maji, ikapita. Simu ya mke wangu sasa iko sawa na saa yangu, na nyumba nzima inakwenda pamoja.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekaa kwenye kiti. Kina mguu mmoja mfupi.

Mashine ililia peke yake asubuhi. Mlinzi akafunga geti bila hata kugeuza shingo. Zamani alikuwa akisubiri nimpe ishara kwa kichwa. Leo amenitangazia kwamba kiboksi kikilia yeye anafunga, hasikilizi la mtu, kwa sababu mashine haikosei. Mikono yangu ilikuwa mapajani siku nzima haina kazi. Ringi limefungwa kamba ili watoto wasilichezee.

Mchana baada ya masomo walimu wote waliingia kwenye kikao cha mtihani wa kesho. Nikaufuata ukuta wa ofisi kana kwamba natafuta kivuli. Mfuniko wa kiboksi hauna hata kufuli. Ndani kuna vitufe vitatu. Nikazima ile ya kujirekebisha yenyewe. Nikabonyeza mbele mara saba. Nikafunga mfuniko. Kazi ya nusu dakika, na jasho la siku nzima.

Mpango hauna tundu. Wakigundua, watasema mashine mbovu na kuirudisha ilikotoka. Wasipogundua, shule imerudi kwenye saa yangu. Kokote itakakoangukia mimi napata. Niliwafikiria watoto wa mtihani, nisiseme sikuwafikiria. Geti litafungwa mapema kidogo. Nikajiambia mtoto makini hufika mapema. Na mjukuu wangu huondoka nyumbani kwa saa yangu, hawezi kuchelewa.

Jioni mjukuu huyo huyo akaniomba saa yangu aende nayo kwenye mtihani. Si mtoto wa kuomba vitu. Niliivua nikamfunga mwenyewe, tundu la mwisho la mkanda, na bado ikawa inamzunguka mkononi. Nimebaki na alama nyeupe pale ilipokuwa.

Jumanne, 15 Oktoba

Nitaandika polepole.

Niliondoka nyumbani mapema. Mjukuu alisema ana mahali pa kupitia, atanifuata. Nikakaa kwenye kiti changu. Mashine ikalia, mlinzi akafunga. Punde wakaja watoto watatu wakikimbia, kisha wawili. Kisha mjukuu wangu. Yeye hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea, anatabasamu, ameinua mkono wenye saa. Kioo kilikuwa kipya, hakina ufa. Kumbe alikuwa ameongea na fundi saa wa kona ya pili tangu wiki iliyopita, ambadilishie kioo asubuhi na kuirekebisha, iwe zawadi yangu ya kustaafu.

Alinionyesha kupitia kwenye vyuma vya geti. "Tazama, Babu," alisema. "Sasa inasema kweli."

Saa mbili kasoro dakika nne.

Mlinzi akaniambia niandike majina. Nami nikaandika, Mungu anisamehe. La kwanza, la pili, la tatu. La sita lilikuwa la mjukuu wangu. Mkono umezoea, hauulizi. Nilimsikia akisema lakini Babu, bado dakika nne. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu: fungua, nimeichezea mimi. Nikayameza. Nikajiambia mlinzi atatazama simu yake sasa hivi, atajionea mwenyewe. Anaitazama mchana kutwa! Leo imekaa mfukoni, kwa kuwa ana imani na mashine. Tabasamu la mtoto lilikwisha taratibu nikiliona.

Mwalimu Mkuu alitokea ofisini mbio, simu mkononi, kiatu kimoja kimemvuka njiani. Akaamuru geti lifunguliwe. Akawaambia watoto waingie, bado dakika mbili, wasikimbie, wapumue. Wakapita mbele yangu. Mjukuu alivua saa, akaiweka juu ya daftari langu, juu ya jina lake, akaenda. Hakunitazama.

Mwalimu Mkuu alibaki. Alivaa kiatu chake kwanza.

"Mwaka wa mtihani wangu nilisimama pale pale aliposimama mjukuu wako," alisema. "Nilikuwa na saa ya baba. Sikuwa nimechelewa, Babu. Nilirudia mwaka mzima."

Akaenda kufungua mtihani. Mimi nikabaki na kiti.

Mchana fundi alikuja akafungua kiboksi. Akasema haikuharibika, ila kuna mtu amezima ile ya kujirekebisha yenyewe, na mtu huyo anajua anachofanya. Ndiyo mara ya kwanza kusifiwa na fundi yule. Watoto wa mtihani walikuwa wanatoka wakati anayasema hayo, na mjukuu wangu alikuwa miongoni mwao.

Nyumbani bibi yake alimuuliza mtihani ulikuwaje. Akasema swali la kwanza alilisoma mara nne bila kuliona, mengine alijibu. Alikula, akaosha sahani yake. Kisha akaja akasimama mbele yangu.

"Babu, mimi ndiye niliyekufundisha."

Nilitamani anifokee.

Jumatano, 16 Oktoba

Nimeingia stoo ya shule. Madaftari yangu ya wachelewaji yapo yote, moja kwa kila mwaka, nimeyafunga kwa uzi. Nilikuwa nikijivunia sana madaftari haya. Nilipiga hesabu ya umri wa Mwalimu Mkuu, nikafungua la mwaka wa tatu. Siku ya mtihani. Jina lake lipo. Mwandiko ni wangu, mzuri, umenyooka. Nimeandika: "Dakika tano. Analia. Anasema ana saa ya baba yake. Visingizio."

Niliketi juu ya gunia la chaki. Kisha nikachukua penseli na kuanza kuweka alama kwenye kila aliyechelewa chini ya dakika saba. Yupo aliyekosa uji. Yupo aliyechapwa. Yupo niliyeandika amerudishwa nyumbani, na sikumbuki kama alirejea. Kufikia daftari la nne penseli ilikuwa butu. Nikayafunga tena kwa uzi.

Nilikwenda ofisini. Nikamwambia Mwalimu Mkuu inawezekana mashine iliguswa na mtu mwenye nia njema. Akasubiri. Nikasema mtu huyo ni mzee. Akasubiri. Nikasema ni mimi. Akasema anajua. Nikamwomba radhi kwa ya jana. Halafu nikamwomba radhi kwa ile siku ya saa ya baba yake. Nimechelewa miaka ishirini na minane. Machozi yalimlengalenga, akageukia dirishani, akanyoosha pazia ambalo halikuwa limepinda.

Nilidhani atanifukuza. Badala yake amesema siku yangu ya mwisho, tarehe thelathini na moja, shule nzima itatoka nje na mimi nitagonga kengele yangu kwa mara ya mwisho, saa nane kamili mchana. Ametoa sharti moja tu, nitumie saa kama mjukuu wangu alivyoirekebisha. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wangu wote, na nilimaanisha.

Jumatatu, 21 Oktoba

Siku ya tano na saa ya kweli. Sijisikii vizuri. Nafika kila mahali nikiwa na dakika saba ambazo sijui nizifanyie nini.

Fundi cherehani na kinyozi wamenilalamikia. Nikawaambia warekebishe saa zao. Kinyozi akaniuliza, wazirekebishe kwa kitu gani sasa, kwa ile sauti ya mbuzi? Waliniamini watu hawa!

Kwa siku kadhaa mjukuu ameongea nami mambo ya chumvi na maji ya kuoga tu. Leo jioni redio ilipoanza taarifa ya habari aliushika mkono wangu, akaitazama saa, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ni sawa. Redio na saa, pamoja. Akanitabasamia kidogo. Nimefurahi kuliko siku niliyoajiriwa. Nimejiapiza kwamba saa hii sitaigusa tena.

Alhamisi, 31 Oktoba

Yamekwisha. Niandike yalivyokuwa.

Tangu saa saba na nusu nilikuwa chini ya kengele, nondo mkononi, shati limepigwa pasi na mke wangu mara mbili. Kamba imefunguliwa. Nimeipa shule mgongo na macho nimeyatia kwenye saa, nisije nikapitiwa. Nilikusudia kusubiri. Nashuhudia hapa, mahali ambapo hakuna wa kumdanganya, kwamba nilikusudia kusubiri.

Saa nane kasoro dakika saba nikainua macho. Ng'ambo ya geti fundi cherehani alikuwa ametoka na tepu yake shingoni. Kinyozi alikuwa mlangoni, mteja wake nyuma na povu kidevuni. Muuza magazeti amesimama juu ya kreti. Kwao saa nane ilikuwa imefika. Hawakuwa wamerekebisha chochote, walikuwa wananisubiri mimi. Nikafikiria wataonaje Babu Dakika akichelewa siku yake ya mwisho.

Nikagonga. Niligonga vizuri kuliko siku zote, mpaka bega likauma.

Nikageuka nikitegemea uwanja mtupu. Shule nzima ilikuwa imeshajipanga mistari! Walimu, watoto, hata mlinzi, kofia mkononi na simu haionekani. Mwalimu Mkuu alikuwa amewatoa dakika kumi kabla, kimya kimya. Alinitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeulizwa swali analojua jibu lake, akawa wa kwanza kupiga makofi. Wote wakafuata. Mjukuu wangu alikuwa mstari wa mbele na wenzake wa darasa la mwisho. Alitazama kiboksi ukutani, akanitazama mimi. Makofi yake yalikuja mwisho, tena machache.

Hotuba zilikuwa fupi. Katikati ya shukrani mashine ikalia. Dakika saba nyuma! Nilimnong'oneza mlinzi kwamba bado inachelewa. Safari hii hakucheka, alinishika bega. Sijui alikuwa na maana gani.

Wamenipa ringi niende nalo nyumbani. Nimelitundika uani, kwenye boriti ya jiko la nje. Kinyozi alinisaidia kulibeba, akaniuliza kama kesho asubuhi watasikia kitu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Kisha nikaketi kizingitini, pale pale tulipokaa na simu. Nikavuta kile kitufe kidogo cha pembeni ya saa. Nikazungusha mbele, taratibu, dakika saba. Ni tahadhari tu. Watu wananitegemea.

Mjukuu alitoka na ndoo yake, akasimama. Akaniuliza kama saa inakwenda vizuri. Nikamwambia inakwenda vizuri sana. Akasema basi nionyeshe, Babu. Nikaingiza mkono mfukoni, nikamuuliza maji yamebaki ndoo ngapi.